Stelingi Hafi, Sasa Jasho la Nini?

Jumapili, saa nne usiku

Mvua haijakatika tangu Ijumaa, na mtoto wa dada yangu aliyekuja kwangu likizo amenimalizia bando lote. Jana usiku nikamwambia, basi mjomba, leo utaangalia picha ya kwangu. Nina flashi moja ya picha za zamani ambayo hakuna mtu mwingine humu ndani anayeigusa. Nikamwekea From Russia with Love, picha ya jasusi wa Kiingereza James Bond, ya mwaka 1963. Akautazama ule mwaka, akanitazama mimi, akauliza kama ina rangi. Ina rangi, nikamjibu. Kaa.

Katikati ya picha akasema neno ambalo mpaka sasa halijanitoka. "Lakini mjomba, stelingi si hafi? Sasa tunaogopa nini?"

Sikujua kama watoto wa kidato cha pili bado wanalijua hilo. Sisi tulilipata banda umiza: mabenchi ya mbao, shilingi hamsini mlangoni, joto la kuivishia ndizi, na TV ya inchi 14 juu ya kabati ili wa nyuma nao waone. Stelingi, yaani shujaa mkuu wa picha, hafi: hiyo ilikuwa kama katiba. Akipigwa risasi, itampata begani. Akirushwa kutoka ghorofani, chini patakuwa na gari la magodoro. Siku moja stelingi akafa kweli, na jamaa mmoja wa mtaani kwetu akasimama kudai arudishiwe hela yake, eti ameuziwa picha mbovu. Nusu ya banda ilimuunga mkono. Hata hivyo, pamoja na katiba yote hiyo, kila siku tulikuwa tunapiga kelele "Nyuma yako! Nyuma!" mpaka mwenye banda anatishia kuzima jenereta.

Kwa hiyo swali la kijana ni la haki. Kama mwisho tunaujua, jasho la nini?

Nikamkumbusha jinsi picha ilivyoanza. Inaanza kwa kumuua stelingi. Ni usiku, bustanini, Sean Connery, ndiye Bond, ananyemelea kati ya michongoma na masanamu akiwa na bastola mkononi, na nyuma yake yuko jamaa mwenye nywele rangi ya dhahabu. Jamaa anavuta waya uliofichwa ndani ya saa yake ya mkononi, anamnyonga, basi. Ghafla taa kubwa zinawaka. Kumbe ni mazoezi. Msimamizi anatangaza muda: dakika moja na sekunde 52. Wanambandua marehemu kinyago, na chini yake kuna sura ya mtu mwingine kabisa, ambaye hatutaambiwa hata jina lake.

Hata majina ya waigizaji hayajapita bado, na tayari umeshapewa vitu viwili vya kutembea navyo picha nzima. Umemwona mtu anayeweza kumuua Bond, na umeiona ile saa. Tangu hapo, kila mkono wa yule jamaa ukionekana kwenye kioo, jicho lako linakwenda kwenye saa. Mkurugenzi, Terence Young, hakukwambia uiangalie, na hana haja ya kukwambia.

Halafu wanakuja na wale samaki. Mkuu wa genge lililoandaa mazoezi yale, ambaye sura yake hatuonyeshwi, tunaona mikono tu na paka mweupe mapajani, ana tangi la samaki wapiganaji wa Siam. Wawili wanapigana. Wa tatu amekaa pembeni, anangoja mshindi achoke ndipo amvamie. Huo ndio mpango wote: Waingereza na Warusi wagombane Istanbul kwa ajili ya mashine ya kufumbulia siri iitwayo Lektor, na genge likusanye kinachobaki. Picha nyingi za kijasusi za siku hizi huhitaji mtu akae mbele ya kompyuta dakika kumi akieleza njama, na ukitoka bado hujaelewa nani alimtuma nani. Hapa samaki watatu wamemaliza kazi. Mjomba alielewa mara moja, na simu ilikuwa bado mkononi.

Simu aliiweka chini Istanbul. Nakumbuka ilikuwa wapi hasa. Bond yuko kambi ya Wagypsy, wamevamiwa, risasi zinalia, mtu mmoja anamjia kwa nyuma ammalize. Mbali gizani, yule jamaa wa saa, jina lake Grant, analenga bunduki. Anafyatua. Anayeanguka ni yule aliyekuwa anamnyemelea Bond.

"Ha! Kumbe anamlinda?"

"Anamlinda," nikasema. "Kama tunavyomlinda mbuzi wa Idi."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Genge linamtaka Bond akiwa mzima mpaka aipate ile mashine. Kwa hiyo kila anaposhinda Istanbul, kila anapoponea chupuchupu, anasogezwa karibu na waya. Nikagundua kwamba jibu la swali lake lilikuwa hapo, ingawa jana sikuweza kulisema vizuri. Kufa kwa Bond hatukuogopi, hilo tulishamalizana nalo shilingi hamsini nyingi zilizopita. Kinachotutoa jasho ni kukaa na siri ya mtu mbele yake na huwezi kumwambia. Sisi tunajua, yeye hajui, na kati yetu kuna kioo. Ile "nyuma yako!" ya banda umiza haikuwa ujinga wa watoto. Ilikuwa ndiyo raha yenyewe tuliyolipia.

Na Grant hasemi. Robert Shaw, aliyemwigiza, anapita Istanbul yote bila kutamka neno hata moja. Yuko kwenye kona, yuko kwenye dirisha la treni, yuko nyuma ya nguzo. Zaidi ya saa nzima hatujui ana sauti ya namna gani. Anapofungua mdomo kwa mara ya kwanza, stesheni ya Zagreb, ni Kiingereza laini cha muungwana mwenye jina la kuazima. Mwenye jina hilo, mpelelezi halisi wa Kiingereza aliyekuja kumpokea Bond, amekwisha uawa msalani. Mjomba alisema polepole, "Anaongea vizuri hivyo?" Alikuwa ametegemea sauti ya jini.

Lazima niseme kuhusu treni, ambayo Bond anatoroka nayo Istanbul akiwa na ile mashine, maana nadhani hakuna mahali pazuri zaidi pa kumweka jasusi. Mwaka fulani nilipanda treni ya Reli ya Kati kwenda Tabora, daraja la pili, vitanda sita, nikalala chini ya mzee aliyesema anafanya biashara ya asali. Alipofika Saranda akashuka kununua kuku, akarudi, akanigawia paja. Tulizungumza usiku kucha. Asubuhi konda alipokuja kukagua tiketi, jina aliloliita halikuwa lile aliloniambia mzee. Wala hakukuwa na lolote. Pengine alikuwa na majina mawili kama babu yangu. Lakini kutoka hapo hadi Tabora sikulala, na pa kwenda hapakuwepo. Behewa lina ukumbi mmoja mwembamba na milango inayofanana, na nje ni pori. Waliotengeneza picha hii walijua hivyo. Mambo yametoka kwenye jiji lenye misikiti, masoko na maghala ya maji ya chini ya ardhi ya enzi za Wabizanti, yakaingia kwenye chumba ambacho watu wawili hawawezi kupishana bila kuombana radhi.

Kisha wakaenda kula. Bond, Tatiana, yule karani wa Kirusi anayetoroka naye, na huyu muungwana wa uongo wanaagiza samaki, wote watatu. Bond anaagiza shampeni. Yule anaagiza divai ya Chianti. Mhudumu anauliza, nyeupe? Anasema hapana, nyekundu. Bond anatazama, anaendelea na mambo yake.

Nikasimamisha picha. "Umeona?"

"Nini?"

Nyumbani kwetu divai hatuijui. Nikaeleza kwamba kwa mabwana wa Kiingereza wa wakati ule, samaki huenda na divai nyeupe, na mtu aliyelelewa kama anavyodai kulelewa asingekosea. Akanitazama kama mtu anayesubiri sehemu ya pili ya maelezo. Nikafikiri, nikasema: chukulia mtu anakwambia yeye ni mtoto wa Tanga, amezaliwa Ngamiani, Kiswahili safi, kofia kichwani. Mnakaa kwenye sinia la pilau, anapeleka mkono wa kushoto.

"Aaah!" Akapiga goti. "Kwisha!"

Hakikuisha, hicho ndicho kitamu. Bond ameona na hakuona. Atakumbuka baadaye, akiwa amepiga magoti na bastola imemwelekea, na Grant atamjibu kwa dharau kwamba anayejua divai ndiye aliyepiga magoti. Naipenda sana hapo. Kwa dakika moja picha inamcheka stelingi wake, suti yake, na ujuzi wake wote wa mezani.

Kinachomwokoa nacho tulishaonyeshwa. Mwanzoni, London, alikabidhiwa mkoba mweusi na fundi wa vifaa, Desmond Llewelyn, ambaye hapa ndipo alipoingia kwa mara ya kwanza kwenye picha hizi. Ndani mna kisu, risasi, bunduki ya kukunjwa, sarafu 50 za dhahabu, na kopo la poda ambalo ni gesi ya machozi. Ukifungua vishikizo kama unavyofungua mkoba wowote, kopo linalipuka. Kifaa kama hicho leo kingekuwa setilaiti. Hapa ni mkoba, na kila kilichomo kitatumika. Bond anaomba sigara ya mwisho, anasema atailipia kwa dhahabu, anafungua mkoba wake sawasawa na kuzitoa sarafu. Grant anauona mkoba wa pili, wa yule mpelelezi aliyemuua, na anauliza kama na huo una dhahabu. Bond anajinyanyua aufungue. La, anasema Grant, nitafungua mwenyewe.

Mimi na mjomba tulikuwa tumeinama mbele wote wawili, na mimi picha hii nimeiona labda mara tisa.

Ugomvi unaofuata ni wa mabega, viwiko na vioo, kwenye chumba kisichozidi stoo yetu. Taa imevunjika, kuna mwanga wa rangi ya bluu tu. Muziki wa John Barry, ambao hadi hapo haujui kunyamaza, umenyamaza. Unasikia magurudumu na watu wanaohema. Mhariri wa picha, Peter Hunt, anakata haraka lakini hupotei, muda wote unajua nani yuko juu ya nani. Na saa yenye waya ipo. Sitasema ilimalizikia shingo ya nani, kama kuna mtu hajaiona.

Si kwamba yote ni mazuri. Pale kambini wanawake wawili wanapiganishwa kama jogoo kwa ajili ya mwanamume. Nilipeleka mbele haraka nikisingizia rimoti. Kofi analopigwa Tatiana ndani ya treni sikuliwahi, na mjomba aliuliza mbona stelingi anampiga, nikakosa la kusema. Baada ya treni wanaweka helikopta, kisha boti zinazoungua, na kwangu ni picha iliyokwisha inayokataa kwenda kulala. Kuna kingine kinanichekesha kila mara: usiku wa Istanbul, adui anatorokea dirishani ambako ni mdomo wa mwigizaji Anita Ekberg kwenye tangazo kubwa la ukutani. Tangazo ni la Call Me Bwana, picha nyingine ya watayarishaji walewale. Yaani katikati ya mji wa Waturuki, ukuta unaolengwa bunduki una neno la Kiswahili.

Anayefyatua pale si Bond, ni Kerim Bey, mwenyeji wake, mcheshi, baba wa watoto wengi ambao wote amewaajiri. Treni inampokea Kerim hai na kumtoa maiti. Hapo mjomba alikasirika kweli. Katiba inamlinda stelingi peke yake. Rafiki wa stelingi hana kifungu. Sikumwambia palepale, nilingoja majina ya mwisho yapite, kwamba Pedro Armendáriz, Mmeksiko aliyemwigiza Kerim, alikuwa na saratani wakati wanapiga picha, wakaharakisha sehemu zake ili amalize. Alifariki Juni 1963. Picha ilitoka London mwezi Oktoba. Akasema, "Kwa hiyo hakuiona." Hakuiona.

Leo asubuhi mvua ilipungua kidogo. Nilikuwa jikoni nachemsha chai, nikamsikia barazani amezungukwa na watoto wa jirani, anawahadithia. Treni imeshakuwa ya SGR. Istanbul imekuwa Dar. Samaki watatu wamebaki, ila sasa ni papa. Waya wa saa ameueleza kwa mikono mpaka nikasikia mmoja anajishika shingo. Akafika mezani.

"Sasa wanakula pilau, wote watatu, sinia moja. Jamaa anacheka, anapiga stori. Halafu polepole," akashusha sauti, nami nikazima jiko nisikie, "anapeleka mkono wa kushoto."

"Na stelingi?"

"Stelingi hajaona. Anatafuta pilipili."

Mdogo wao, wa darasa la pili kama sikosei, akaruka. "Si amwambie mtu! Mwambieni!"