Habari za Nyumbani Ninazomwambia Rafiki

Baba yangu ni mlevi, na akirudi amelewa hakuna anayelala. Siku hizi nikitaka kumweleza rafiki habari za kwetu huanza na maneno hayo hayo bila kuzunguka, kwa kuwa nimeona kwamba msikilizaji anayeachwa abahatishe mwenyewe hufikiria mabaya kuliko yaliyopo, na huanza kusikitika kabla hajajua anasikitikia nini.

Nimekulia Magomeni, Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba pande mbili za korido na kuta zisizofika juu, ambamo kikohozi cha mpangaji mmoja husikika kwa wote. Wahenga wametuachia msemo kwamba nyumba usiyolala ndani huijui hila yake, na wapangaji wenzetu walilala humo humo, kwa hiyo waliijua hila ya kwetu vizuri kabisa. Asubuhi walimsalimia mama kwa upole uliozidi wa siku zote, wakampisha kwenye bomba, na neno halikusemwa. Shida ilinianza nilipopata marafiki wasiolala Magomeni, wa shule na baadaye wa kazini Posta, katikati ya jiji, ambao waliponiuliza habari za nyumbani nilijibu kuwa ni nzuri, kama adabu inavyotaka, kisha mazungumzo yakaendelea kwingine.

Adabu hiyo siilaumu. Salamu zetu zina utaratibu wake: hata mwenye msiba hujibu kwanza kuwa ni salama, na salamu zikishaisha ndipo huvuta kiti na kusema, "Ila, ndugu yangu, kuna jambo." Utaratibu huo humpa msikilizaji nafasi ya kujiweka sawa. Kinachowaumiza marafiki, kwa jinsi nilivyoona, si uzito wa habari yenyewe bali ni kutojua wafanye nini nayo. Mmoja alilia hadi nikaacha kueleza ya kwangu nikaanza kumbembeleza yeye. Mwingine alinijibu kwamba nimshukuru Mungu kwa kuwa baba yupo hai, nami sikumwona mkatili, kwa sababu yalikuwa maneno pekee aliyokuwa nayo karibu. Wapo pia wanaojibu kwa kisa cha kwao kilicho kikubwa zaidi, na hapo mazungumzo hugeuka mashindano ambayo hakuna anayetaka kushinda.

Kwa sababu hiyo huwa natanguliza ninachokiomba. "Mwenzangu, nina jambo la nyumbani, leo sihitaji ushauri, nataka unisikilize tu." Au kinyume chake: "Nataka unishauri kuhusu kodi ya nyumba, maana fedha niliyompa mama imeishia kilabuni." Sentensi kama hizo hazipendezi sana masikioni, zina harufu ya ofisi, lakini nimeona mabega ya mtu yakishuka baada ya kuzisikia. Anayejua kwamba haombwi kuitengeneza familia yangu husikiliza kwa utulivu, na hata nikitokwa na machozi hababaiki.

Mahali pa kuzungumzia pana uzito wake pia. Ndani ya basi la Mwendokasi la jioni kuelekea Kimara, watu wamebanana na kila sikio liko wazi, haifai. Kivuko cha Kigamboni kina upepo mzuri, ila safari yake ni fupi mno, na mtu hufika ng'ambo akiwa ameachiwa nusu ya habari, jambo ambalo ni baya kuliko kutomwambia chochote. Mimi hupenda kutembea, hasa pembezoni mwa bahari kuelekea Coco jua likipungua makali, kwa kuwa wawili wanaotembea hawalazimiki kutazamana usoni, na kimya kikiingia hakihitaji kuelezwa. Kuhusu ujumbe mrefu wa sauti wa WhatsApp unaotumwa usiku wa manane, msimamo wangu ni mkali: rafiki anayeusikiliza peke yake kitandani, asiweze kukuuliza swali wala kuuona uso wako, hubaki nao hadi asubuhi ilhali wewe uliyeutuma umekwisha pata usingizi. Ni afadhali kumwandikia kwanza kumwuliza kama ana nafasi ya kukusikiliza, na akisema leo hana, uamini kwamba hana.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni hasira za rafiki. Ninapomweleza kwamba baba amevunja vyombo na kumtukana mama mbele ya wageni, rafiki yangu humchukia baba, na ana haki. Lakini Jumapili baba huamka akiwa mzima, hununua samaki sokoni Feri, humtania mama hadi acheke, nami hukaa naye kibarazani tukabishana kuhusu Simba na Yanga kama watu wasio na neno. Rafiki hana Jumapili hiyo. Yeye amebaki na usiku wa Ijumaa niliompa, na siku akikutana na baba msibani hashiki mkono wake kwa moyo mweupe. Hapo mimi huanza kumtetea baba, rafiki huona nimemgeuka, na tunakosana kwa ajili ya mtu ambaye wala hajui kwamba tulimzungumza. Ndiyo maana sasa, nikishaeleza mabaya, hueleza pia kwamba baba huyo huyo ndiye aliyenifundisha kusoma kwa magazeti aliyokuja nayo kutoka kazini. Silengi kuyafuta mabaya, nataka rafiki amjue mtu mzima mzima na asijione analazimika kuchagua upande.

Halafu kuna mama. Habari za kwetu si zangu peke yangu, na mama ni mtu wa stara ambaye angeumia sana kujua kwamba watu wa Posta wanafahamu yaliyomkuta chumbani kwake. Kwa hiyo husimulia yaliyonipata mimi, yaani usingizi niliokosa, ada iliyochelewa, aibu niliyoiona mbele ya wageni, na yale yaliyompata yeye humwachia yeye mwenyewe ayaseme kwa anayemtaka.

Hayo yote yanahusu nyumba yenye taabu. Nyumba yenye hatari ni jambo jingine, na humo sioni sababu ya mtu kupima maneno kwa kuogopa kumharibia rafiki siku yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mitaa ya eneo lake. Yapo Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, wapo maofisa ustawi wa jamii, na namba 116 hupigwa bure kwa mambo ya watoto. Kuyajua haya humpunguzia rafiki mzigo kuliko maneno ya kumtuliza, kwa kuwa hofu yake kubwa ni kwamba yeye peke yake ndiye aliyeambiwa na yeye peke yake ndiye atakayelaumiwa mtu akiumia. Kwa sababu hiyo hiyo siafiki desturi ya kumwapisha mtu asiseme kabla hajajua ataambiwa nini. Mwenzangu mmoja aliwahi kutaka niape hivyo, nikamjibu kwamba kama habari yenyewe ni ya mtoto kuumizwa siwezi kuahidi kunyamaza. Alifikiri kidogo, kisha akanieleza bila kiapo, na kesho yake tulifuatana kwa ofisa ustawi.

Yupo rafiki mmoja asiyeweza kabisa kuzisikia habari hizi, kwa kuwa kwao kulikuwa hivi hivi na baba yake alifariki kabla hawajapatana. Alinieleza hivyo mwenyewe, kwa heshima, na tangu siku hiyo simgusii. Tunazungumza kazi, nguo za Kariakoo, harusi za watu na michango yake isiyokwisha, na mwezi ambao kodi ya kwetu ilikwama yeye ndiye niliyemkopa, bila kumwambia ni ya nini, wala hakuniuliza.