Karatasi ya Maji

Miaka minne nilikuwa mwizi wa maji. Anayesafishwa damu kwa mashine hupimiwa maji ya kunywa. Mimi nilipangiwa nusu lita kwa siku, humo humo chai, mchuzi na maji ya kumezea dawa, maana figo zangu zilikuwa hazitoi mkojo wa kueleweka. Kipimo changu kilikuwa kikombe cha kahawa, vile vidogo vya wauza kahawa wa Kariakoo. Joto la Februari likinizidi nilikwenda bafuni kusukutua mdomo, na nusu ya yale maji yalishuka kooni "kwa bahati mbaya". Siri ilifichukia kwenye mizani: Jumatatu nina kilo tatu na nusu za ziada, sista ananitazama bila kusema kitu. Kisha saa nne za mashine kuyavuta maji hayo, misuli ya miguu inakaza mpaka machozi yananitoka.

Mwaka 2019 mdogo wangu wa kiume alinipa figo yake. Wakati ulitubeba: upandikizaji wa kwanza nchini ulishafanyika Muhimbili Novemba 2017, na kabla ya hapo ilikuwa mpaka India.

Nilipozinduka nilikuwa na mrija shingoni na mpira wa mkojo. Figo ilianza kazi mle mle chumba cha upasuaji. Kila saa sista aliinama, akafungua koki chini ya mfuko, akamimina mkojo kwenye jagi lenye mistari, akaliinua usawa wa macho, akaandika. Mililita 650. 800. 720. Halafu anageukia dripu: kilichotoka saa hii kirudishwe saa ijayo, na kidogo juu yake kwa ajili ya jasho na pumzi. Hadi kesho yake zilikuwa zimepita lita 11. Daktari aliniambia figo iliyokaa nje bila damu, hata kwa muda mfupi, huwa haijakumbuka bado kubana maji, na uchafu uliorundikana kwenye damu yangu nao unatoka na maji yake. Mkono wa kurudisha ukiwa mzito, maji yatajaa kwenye mapafu. Ukiwa mwepesi, presha inashuka, figo inakosa damu na kulala.

Usiku wa kwanza niliwafanyia vituko. Walibadilisha dripu, wakatundika chupa nyingine, nami kwa mazoea yangu ya kusoma kila kitu nikaona imeandikwa potasiamu, madini ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa mwilini. Mimi, ambaye kwa miaka minne nilikatazwa madafu, ndizi na maparachichi kwa sababu ya hiyo hiyo potasiamu! Nikapiga kelele kwa sauti iliyokuwa imebaki: "Sista, mmekosea chupa!"

Alicheka, lakini alivuta kiti. Akasema hiyo ni kidogo, inakaribia ile iliyomo kwenye damu ya mtu mzima wa afya. Ile ya kwanza, ya maji ya chumvi matupu, haina potasiamu hata chembe, ila ukimwagiwa lita nyingi damu inakuwa na asidi, na asidi inaifukuza potasiamu iliyojificha ndani ya seli, inakuja kwenye damu. Mpaka leo naona ni jambo la ajabu: chupa isiyo nayo ndiyo inayoweza kukupandishia.

Siku ya tatu dripu ilipunguzwa. Nikapewa karatasi na kalamu: kunywa mwenyewe, lita tatu, andika kila glasi. Mezani pametuama chupa kubwa mbili za maji, zangu, halali. Nikashindwa. Nikinywa mafunda mawili koo linafunga, moyo unaenda mbio, nausubiri uvimbe wa miguu. Glasi ya kwanza niliimwaga kwenye sinki nikaandika 250. Ya pili hivyo hivyo. Kufikia jioni nilikuwa nimeandika lita mbili na nusu, na tumboni hazikufika glasi tatu.

Sista wa zamu ya usiku alisoma karatasi, akatazama mfuko. Kutoka mililita 300 kwa saa, mkojo ulikuwa umeshuka hadi 50. Presha chini, uzito pungufu kilo mbili. "Dada yangu," alisema, "karatasi inasema umekunywa. Mkojo unakataa." Sikuwa na la kujitetea. Dripu ikarudishwa usiku ule, na damu ikachukuliwa kupimwa.

Asubuhi mdogo wangu aliletwa kuniona. Alitembea amejipinda, mkono umeshika ubavu wa kushoto, mkono mwingine una chupa yake, maana naye alikuwa ameambiwa anywe. Wameshamsimulia. Akakaa kitandani kwangu taratibu kama mzee.

"Dada, ile figo imezoea maji. Kwetu haijawahi kulala na kiu."

Nikaanza kulia. Hakuninyamazisha. Alimimina glasi mbili, akanipa moja, akasema tunakwenda pamoja, funda kwa funda, na asiyemaliza ananunua chipsi tukitoka. Maji yalikuwa ya vuguvugu, yana ladha ya plastiki. Ilinichukua dakika ishirini. Yeye alishamaliza zamani, akawa anayakodolea macho yaliyobaki ndani ya glasi yangu kama mtoto anayelinda mgao wake.

Nikachukua kalamu, nikaandika 250. Akainyoosha shingo kuhakikisha.