Namba za goti: tulivyozifanya zikubaliane

Kwenye kitengo chetu cha fiziotherapia wagonjwa wengi wa goti ni vijana wa bodaboda. Mfupa umevunjika, wamefungwa hogo au wamewekewa vyuma, na wakifika kwetu goti limekakamaa. Kila anayekuja tunampima nyuzi: goti linakunjika mpaka wapi, linanyooka mpaka wapi. Shida ni kwamba namba za kwenye faili zilikuwa zinapanda na kushuka zenyewe. Jumatatu 85, Alhamisi 70, na mgonjwa huyohuyo anatembea vizuri kuliko juzi. Kila mmoja wetu alikuwa anapima alivyofundishwa chuoni kwake, na wapo waliokadiria kwa macho wakajaza.

Nilipopewa jukumu la kuliweka sawa, nilianza na kifaa. Tunatumia goniomita, yaani kipima pembe chenye mikono miwili iliyoungwa kwa skrubu. Zile fupi, za vidole, nilizitoa kabisa kwenye meza ya magoti. Goti linataka yenye mikono mirefu. Pia nilikaza skrubu, maana mkono ukiteleza wenyewe namba inabadilika kabla hujaisoma.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye mifupa. Katikati ya goniomita inakaa kwenye kifundo cha mfupa wa paja, upande wa nje wa goti. Mkono mmoja unaelekea kifundo cha nje cha mguu, huo hausumbui mtu. Mkono wa pili unaelekea nundu ya mfupa wa paja pembeni mwa nyonga, na hapo ndipo tulipokuwa tunaachana. Kwa mtu mnene huioni. Weka vidole pembeni mwa nyonga, mwambie mwenzako auzungushe mguu taratibu ndani na nje, utasikia mfupa ukiviringika chini ya vidole. Ukishaupata, weka alama ya kalamu. Tulipoanza kuweka alama, tofauti kati yangu na wenzangu ilipungua sana. Ila huwezi kutafuta nundu hiyo juu ya jinzi au kitenge, kwa hiyo tuliomba pazia na kaptula za kubadilishia, na akina mama wakawa wanapimwa na dada wa kitengo.

Mkao nao tuliuandika ukutani: alale chali, kisigino kiburuzwe kuelekea makalio. Ukimlaza kifudifudi, msuli wa mbele ya paja unavutwa kuanzia nyonga na unaweza kulizuia goti mapema, kwa hiyo namba hizo mbili usizilinganishe. Kunyooka tunapima taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya kisigino. Kwanza akunje mwenyewe, kisha tumsaidie, na zote mbili ziandikwe. Tena kabla ya mazoezi, kabla ya joto. Goti lililotoka kukandwa linakupa namba ya kukufurahisha tu.

Alama ya kutoa ndiyo iliyotuletea ubishi mrefu zaidi. Mmoja akiandika -10 anamaanisha goti halinyooki, limebaki na nyuzi 10. Mwingine anamaanisha limepitiliza kwenda nyuma. Hayo ni magoti mawili tofauti kabisa! Tukaifuta. Sasa tunaandika kwa maneno, "anakosa 10 kunyooka", na hakuna anayeuliza.

Tulikubaliana pia kwamba badiliko la chini ya nyuzi 5 si habari. Hata mkono uleule ukipima mara mbili unaweza kupishana kiasi hicho. Hili lilikuwa gumu kwa wagonjwa kuliko kwetu, maana kila asubuhi ni "Dokta, leo nimefika ngapi?" Kijana akisikia 92 baada ya 90 anataka kupiga simu nyumbani.

Kwa hiyo nikaanza kuwatafsiria nyuzi kuwa shughuli. Kutembea tambarare kunahitaji kama 60 hivi. Kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono, 90 na zaidi. Choo cha kuchuchumaa kinataka zaidi ya 110, na kukaa kwenye tahiyatu kunataka goti likunjike karibu lote. Mzee mmoja aliyefika 95 aliniambia hana shida na kiti, yeye anataka kuswali chini kama zamani. Tuliliandika hilo kwenye faili lake kama lengo, na kuanzia siku hiyo mazoezi ya nyumbani hakuyakosa.

Bega nililiacha baadaye kwa sababu wagonjwa wake ni wajanja bila kujijua: mkono ukigoma kupanda, kiwiliwili kinainama upande wa pili na ukikaa vibaya utasoma 150 isiyokuwepo. Dawa ni kumlaza chali. Simu yenye programu ya kupima pembe nimeijaribu pia, kwenye goti si mbaya, lakini bado inakutaka uijue mifupa, na ikiita katikati ya kipimo unaanza upya.

Mgongo ndio bado unatutenganisha. Mimi napima kwa futi kamba umbali wa ncha za vidole kutoka sakafuni anapoinama. Wenzangu wanasema hapo napima misuli ya nyuma ya paja, si mgongo. Wana hoja, na kikao cha mwezi ujao tumekiweka kwa ajili hiyo.