Lushoto kuna milima

Tumerudi Rotterdam salama kutoka Saba (ndilo jina la kisiwa, msicheke; kiko Karibi, chini ya Uholanzi), mkataba wangu kazini umeongezwa, Idi kafaulu mtihani wa udereva. Hayo tuyaache. Mimi bado nimekwama kwenye simu ya mama.

"Ufukwe wa huko ukoje?"

"Hakuna ufukwe, mama. Ni mlima tu umechomoza baharini."

"Sasa mlifuata nini?"

"Huo mlima."

Kimya. Nikasikia kijiko kinakoroga chai. "Lushoto kuna milima."

Basi. Hata sauti hakupandisha. Angegomba ningejua la kujibu. Nimeirudia nikiosha vyombo, nimeirudia kwenye tramu. Najua kuna milima! Bibi kazikwa huko, na mama anajua vizuri mara ya mwisho nilifika lini.

Ubaya ni kwamba Saba inafanana na huko kwa bibi. Volkano iliyolala, kilomita za mraba 13 tu. Ndege inatua kwenye njia ya mita 400, macho nimeyafumba. Mlima wenyewe, Mount Scenery, unaupanda kwa ngazi za mawe, na kule juu ni ukungu mtupu, vigogo vina ukoga wa kijani, nguo zinalowa bila mvua.

Jana nikamtumia picha za barabara, bila maneno. Akapiga mwenyewe.

"Hizo kuta za mawe kajenga nani?"

Nikamsimulia. Wahandisi wa Kiholanzi walisema kwa miteremko ile barabara haijengeki. Mwenyeji mmoja, Josephus Lambert Hassell, akasomea ujenzi wa barabara kwa njia ya posta, na kuanzia 1938 akawaongoza wenzake wakaijenga kwa mikono. Mwaka 1943 kipande cha kutoka Fort Bay bandarini hadi The Bottom, mji mkuu wa kisiwa, kikakamilika. Gari la kwanza lilishushwa 1947.

Mama akacheka hadi akakohoa. "Barabara ipo, gari hakuna! Baba yako angempenda huyo." Marehemu baba, mnajua, barabara ya Mombo kwenda Lushoto ilikuwa mke mwenza wa mama: mvua ikipiga usiku, anaamka kwenda kuangalia udongo umeporomoka wapi.

"Na mifereji ya maji wameipitisha upande gani?"

"Sikuangalia, mama."

"Ungeangalia."

Halafu kuna bahasha ya buluu ya kodi, ipo juu ya friji tangu turudi. Idi anasema huenda wananirudishia hela. Idi kila bahasha anasema hivyo.