Kwenye Njia ya Ng'ombe, Texas hadi Kansas

Tulianzia Fort Worth, katika mtaa wa Stockyards, ambako ng'ombe wa longhorn hupitishwa barabarani kila siku watalii wawaone. Pembe ni ndefu kweli. Lakini mimi nilifuata nyimbo. Nimekulia Nakuru, ambako muziki wa kantri haukauki redioni, na kwa muda mrefu nilitamani kuijua nchi iliyozaa nyimbo za makauboi.

Shemeji alishika usukani tukaelekea kaskazini kwa barabara ya 81, ambayo kwa sehemu kubwa inafuatana na Chisholm Trail. Kuanzia 1867, ng'ombe wa Texas walisukumwa kwa njia hiyo hadi kwenye reli mjini Abilene, Kansas, wakikaa njiani miezi. Kazi ngumu ilikuwa ya usiku. Radi ikipiga, au hata kijiti kikivunjika, kundi zima hutimka na kukanyaga watu. Kwa hiyo walinzi wa zamu walilizunguka kundi juu ya farasi, wawili wakipishana, wakiimba polepole ili ng'ombe wawatambue gizani.

"Hata kwetu Bomet," shemeji akasema, "ukimwendea ng'ombe usiku kimyakimya utapigwa teke. Lazima akusikie kwanza." Akaimba kidogo wimbo wa babu yake wa kuwatuliza ng'ombe. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu asiye na haraka, na mstari ulirudi na kurudi. Nilikuwa nimezisikia nyimbo za makauboi maisha yangu yote bila kujua kwamba msikilizaji wake wa kwanza alikuwa ng'ombe.

Oklahoma tuliimaliza kwa siku moja. Abilene tulijaza mafuta tu, maana moyo wangu ulikuwa Smith Center, karibu na mpaka wa Nebraska. Huko, kando ya kijito, kuna nyumba ya chumba kimoja, ya magogo na mawe. Ndani yake aliishi Brewster Higley, daktari kutoka Ohio, na hapo mwanzoni mwa miaka ya 1870 aliandika shairi kuhusu mahali nyati wanapozurura na swala wanapocheza. Daniel Kelley, seremala na mpiga fidla, akalitungia muziki. Ndio wimbo wa Home on the Range, yaani Makao Kwenye Malisho.

Nilisimama mlangoni nikashangaa jinsi ulivyotoka hapa bila redio wala sahani ya santuri. Waliubeba makauboi. Hata maneno ya jina lake hayakuwemo katika shairi la Higley, waliyaongeza waimbaji. John Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za makauboi aliyeuchapisha mwaka 1910, aliupata San Antonio kwa mzee Mweusi aliyewahi kuwa mpishi katika misafara ya ng'ombe. Mwaka 1934 watu wawili wa Arizona walidai wimbo ni mali yao, wakashtaki wakitaka nusu milioni ya dola. Wakili akazunguka akiwahoji wazee waliouimba zamani, na ushahidi ukamrudisha Kansas. Jimbo likaufanya wimbo wake rasmi mwaka 1947.

Mimi naamini ndiyo sababu hauchakai: kila aliyechunga aliuongezea chake. Nyati wenyewe walichinjwa karibu wote ndani ya miaka michache baada ya shairi kuandikwa, na hilo liliniuma pale mlangoni.

Kesho yake tuliendelea hadi Dodge City, shemeji akinifundisha ule wa babu yake.