Nilivyopasua mbao zangu mwenyewe kwa msumeno wa mnyororo

Karibu kila mtu niliyemweleza kwamba nataka kupasua mbao zangu mwenyewe kwa msumeno wa mnyororo alinipa ushauri uleule: nunua injini kubwa zaidi. Ushauri huo uliniudhi wakati ule na unaniudhi hadi leo, kwa sababu unamtoa mtu kwenye mambo mawili yanayoamua kama atapata mbao au kuni, yaani jinsi meno ya mnyororo yalivyonolewa na jinsi mpasuo wa kwanza ulivyonyoshwa. Injini yangu ina ujazo wa sentimita za ujazo 70 hivi, nayo imepasua magogo yenye upana wa karibu nusu mita bila kulemewa. Sikatai kwamba chini ya ujazo wa 60 kazi huwa mateso, wala kwamba gogo pana sana hudai injini ya 90 au zaidi. Ninachokataa ni mtu kupelekwa dukani kabla hajafundishwa kushika tupa.

Fremu inayougeuza msumeno kuwa mashine ya kupasulia si kitu cha kutisha. Yangu iliundwa kwa mabomba ya chuma ya mraba, ikalishika bapa la msumeno, yaani chuma kirefu ambacho mnyororo hukizunguka, kwa bolti katika sehemu mbili, na urefu wa nguzo zake ndio unaoamua unene wa ubao. Fundi wa kuchomelea aliimaliza kwa gharama ndogo. Bapa refu na mnyororo wa ziada ndivyo vilivyokula fedha. Jambo la kuangalia ni ncha ya bapa. Ndani yake mna gurudumu dogo lenye meno linaloupokea mnyororo na kuugeuza, na bolti ikibana juu yake gurudumu hilo hukwama na kuungua, hivyo kibano kikae nyuma yake kidogo. Fremu nayo hula urefu: bapa la sentimita 90 hukuachia nafasi ya kupasua kama 75 tu.

Sasa mnyororo. Mkataji miti mwenye miaka mingi kazini alinihakikishia kwamba mnyororo wa kawaida unatosha, na kwa kuwa niliheshimu uzoefu wake niliufunga kama ulivyotoka kwenye pakiti. Msumeno uliingia kwenye gogo kwa uchungu, injini ikapiga kelele ya juu kabisa huku ikisonga kwa vidole viwili vitatu, bapa likaanza kutoa moshi, na nilipofika mwisho nikauinua ubao wenye matuta kutoka ncha hadi ncha, matuta ambayo randa isingeyamaliza bila kula nusu ya unene. Mkataji yule hakudanganya kuhusu kazi yake. Alikuwa anazungumzia kukata gogo vipande, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Meno ya mnyororo wa kawaida hunolewa kwa pembe ya digrii 25 hadi 35, ili yakate nyuzi za mti zikiwa zimelala mbele yake. Unapopasua gogo kwa urefu, kila jino hukutana na nyuzi zikiwa zimesimama, nao ndio upande mgumu kuliko zote wa mti. Jino lenye pembe kali huvutwa upande wake, linalofuata huvutwa upande wa pili, na matuta yale ni alama za mvutano huo.

Nilikaa na tupa ya duara nikayanoa meno yote upya kwa digrii 10, karibu mraba kabisa, nikihakikisha meno ya kushoto na ya kulia yana urefu mmoja. Hilo la urefu ni muhimu kuliko pembe yenyewe, kwa kuwa upande mmoja ukiwa mrefu msumeno hupanda au kushuka ndani ya gogo na hakuna fremu itakayouzuia. Injini ileile, gogo lilelile, na sasa msumeno ukatembea kwa mwendo wa taratibu usiokatika, ukimwaga unga laini, ukaacha uso ambao niliupitishia kiganja bila kuogopa vibanzi. Nilifurahi kupita kiasi, na sioni haya kusema hivyo.

Mpasuo wa kwanza ndio unaonipa fahari zaidi. Gogo ni la mviringo, kwa hiyo fremu haina uso wa kutambalia, na lazima uweke reli juu yake. Mimi hutumia ngazi ya alumini iliyonyooka. Wengi huipigilia ngazi moja kwa moja kwenye gogo kwa kukadiria macho, kisha hushangaa kwa nini mbao zao zote zimejisokota. Baada ya mpasuo wa kwanza reli huondolewa na fremu hutambaa juu ya uso uliopasuliwa, hivyo kila ubao unaofuata hurithi upotovu wa ule wa kwanza. Mimi hulifunga gogo kwa kabari lisitikisike, halafu kwenye kila ncha yake hufunga kipande cha ubao mfupi ulionyooka, kikiwa kimelala sawasawa kwa pimamaji. Kisha hurudi nyuma hatua kadhaa, nikachuchumaa, nikafumba jicho moja na kutazama ukingo wa kipande cha karibu dhidi ya ukingo wa kile cha mbali. Jicho hugundua tofauti ambayo pimamaji haikuionyesha. Kingo mbili zikifunikana kutoka kushoto hadi kulia, reli ikilazwa juu yake haiwezi kujisokota. Kinachobaki ni kuzuia reli isibonyee katikati, na hapo uzi uliokazwa kutoka ncha hadi ncha huonyesha pa kutia kabari nyembamba.

Pima mara mbili kina cha skurubu zinazoshika reli, kwa kuwa mpasuo lazima upite chini yake. Pita pia kwenye gogo zima ukitafuta misumari na waya za ua zilizomezwa na mti, hasa kama mti ulisimama karibu na makazi ya watu. Mguso mmoja wa chuma huua meno ya upande mmoja, na tupa haitakusaidia haraka.

Wakati wa kupasua, inua kichwa cha gogo kidogo ili msumeno uteremke. Uzito wake utafanya nusu ya kazi na mgongo wako utashukuru. Gonga kabari nyuma ya msumeno kila unapoendelea, ubao usije ukalala juu ya bapa. Noa baada ya kila ubao au mbili, hata kama unadhani meno bado yanakata. Injini hii hukimbia kwa nguvu zote kwa dakika nyingi mfululizo, jambo ambalo haikuundiwa, hivyo kabureta ifunguliwe kidogo ili ipate mafuta zaidi, na iachwe ingurume taratibu kabla ya kuzimwa. Ziba masikio, kwani sauti hufika desibeli 110 hivi, na usisimame upande moshi unakoelekea, maana umeinama juu ya injini muda wote.

Wapo wanaoidharau njia hii kwa sababu mnyororo hula mti. Ni kweli: hula karibu milimita 8 kila unapopita, wakati msumeno wa mkanda hula 2 au 3, na ukipasua mbao za milimita 25 takriban robo ya gogo hugeuka unga. Ndiyo maana mimi hupasua nene, milimita 50 na kuendelea, na kuwaachia wengine mbao nyembamba. Lakini msumeno wa mkanda haukuweza kufika gogo langu lilipoangukia, wala gogo halikubebeka.

Kuhusu kukausha, wanaosema uziegemeze mbao ukutani wanakuharibia kazi. Mimi hupaka rangi nzito kwenye ncha siku ileile, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi hapo na nyufa huanzia hapo. Mbao hulazwa kivulini juu ya vijiti vya unene mmoja vilivyopangwa mstari mmoja toka chini hadi juu, na mabanzi ya gogo hukaa kileleni kama kifuniko, yakiwa yamewekewa mawe. Kadirio la kawaida ni mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Mti husinyaa kufuata duara la pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kiini, kwa hiyo ubao uliobeba kiini utapasuka hata uufanyie nini. Huo mimi huuchana katikati mapema, nikatupa kiini na kubaki na mbao mbili zenye upana mdogo zilizo imara.