Mwezi Nilioufuta Ukutani

Mimi ni fundi wa kuandika mabango. Kinyozi, duka la simu, "Hapa Tunauza Mawese": ukiyaona Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, huenda ni mkono wangu. Kazi ya kuchora kuta za makazi ya wazee niliipata kwa kuwa wenzangu walitaka hela, mimi nikakubali ndoo za rangi na ugali wa mchana.

Nilianza vibaya. Ukuta ule unapandisha unyevu kutoka chini, nami nikaupaka rangi ya mafuta kama ninavyopaka bati. Mvua za Novemba ziliposhika, sokwe niliyemchora, wa hifadhi ya Gombe, akaota malengelenge uso mzima. Bibi mmoja akaniuliza, "Baba, huyu ana tetekuwanga?" Nikakwangua yote mpaka kwenye tofali. Fundi akapiga lipu upya, tukauacha ukauke wiki nne, ndipo nikarudi na rangi ya maji.

Safari hii niliuliza kwanza. Sokwe hakuna aliyemtaka. Milango yote ilikuwa ya bluu ileile, na wenye macho mabovu walikuwa wanaingia vyumba vya wenzao, basi kila mmoja akachagua alama yake: mchikichi, jembe, samaki wa mgebuka. Bibi wa tetekuwanga alitaka Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, ikaja kuibuliwa 1924. "Ililala majini miaka minane ikaamka," akasema. "Mimi nina sita tu humu."

Ukuta mrefu wa uani niliuchora ziwa usiku: mitumbwi ya dagaa, karabai zinawaka, na juu mwezi mpevu, maana mwezi ndio ninaoujua kuuchora vizuri. Mzee mmoja aliyevua samaki huko Kibirizi tangu ujana akasogeza kiti.

"Mwanangu, mbalamwezi yote hiyo, nani anavua dagaa?"

Nikanyamaza. Mimi mtoto wa Kigoma! Taa huwavuta dagaa gizani. Mwezi ukijaa wavuvi wako nchi kavu wanashona nyavu. Nikaufuta, ingawa ukikaa upande wa jikoni bado unaliona doa lake.

Bati la chumba cha tatu linavuja hadi leo, na rangi haizibi bati. Hilo nimelisema kwa wahusika.

Yule mzee sasa hunywea chai pale kila jioni, mgongo kwa lango. Juzi kanipigia simu: mtumbwi wa pili kutoka kushoto nimeukalisha watu wote upande mmoja, utapinduka. Jumamosi naenda na brashi.